Nyasi Iliyomtangulia Mama

Kule Asembo Bay nyasi iko na kazi mbili tu. Ikiota shambani unaing'oa, na ikikauka unaezeka nayo jikoni kama mabati bado haijafika. Kupanda? Hapana. Sasa fikiria Dishon ameketi kwa kinyozi siku ya soko, watu wamejaa, na anatangaza na sauti ya mtu amechaguliwa MCA kwamba mwaka huu anapanda nyasi. Jamaa aliyekuwa ananyolewa aliinuka na nusu kichwa, kitambaa bado shingoni, ili acheke vizuri.

"Omera, kupanda nyasi? Si hiyo inaota yenyewe hata ukiikataza?"

"Hiyo yenu ni magugu. Mimi nasema raigrasi."

"Rai gani?"

"Raigrasi! Nyasi ya ng'ombe ya maziwa. Laini kaa nywele ya mtoto. Ng'ombe inakula, inalala, ikiamka imejaa maziwa mpaka inakuangalia vibaya ukichelewa kukamua."

"Sawa bwana. Basi mimi nitapanda mawe, mwaka ujao nivune nyumba."

Kinyozi ilibidi azime mashine kwanza. Na kutoka siku hiyo Dishon akapoteza jina la babake. Hata watoto wa nasari wakimwona njiani walikuwa wanamwita Mkulima wa Nyasi.

Hakukasirika. Dishon hakuwa mtu wa kukasirika. Alikuwa mtu wa kueleza. Ukimtukana anakueleza, ukimkanyaga mguu anakueleza venye mguu ulikuwa hapo. Watu walidhani hiyo ni upole.

Alikuwa kitinda mimba wa Mama Ajwang, yule mama mfupi wa sauti kubwa, akiita kuku zake hata wavuvi kule ufuoni wanageuka. Dishon akiwa kijana alitoroka joto na harufu ya omena, akaenda Molo kuchunga ng'ombe za maziwa kwa shamba ya mzee mmoja tajiri. Asubuhi ya kwanza huko aliona moshi unatoka kwa mdomo yake mwenyewe, akadhani anaungua ndani. Akazoea. Baridi alizoea, koti mbili alizoea, hata kulala na soksi alizoea. Kitu moja tu hakuzoea mpaka anaondoka, na ilikuwa ile nyasi.

Raigrasi ya Molo ilikuwa kijani mpaka inaumiza macho. Kazi yake ilikuwa kusongesha waya kila asubuhi, ng'ombe zitoke padoki ya jana ziingie ya leo. Zilikuwa zinamngoja zimepanga laini kaa watu wa kitambulisho. Akifungua tu, zinaingia, zinainamisha vichwa, na unasikia ile sauti: kraap, kraap, kraap. Kuna wanaume wanapenda timu za mpira za Ulaya, na kila wikendi wanalia. Dishon alipenda hiyo sauti. Alikuwa anasimama pale na gambuti zake, umande umemlowesha mpaka magoti, na anafikiria nyumbani. Anafikiria mamake, venye anapenda maziwa lala kuliko kitu yoyote, na venye ng'ombe za kwao wakati wa kiangazi zinatoa kikombe moja kaa zinakukopesha.

"Siku moja," alikuwa anajiambia, "Mama atakunywa mpaka akatae."

Hiyo ndiyo ilikuwa nia yake. Ni vizuri ijulikane, juu baadaye ilikuwa ngumu kukumbuka.

Mzee wa Molo alipokufa, watoto wake wakagawana shamba na kuuza mifugo. Dishon akapewa zawadi ya kwaheri: mtamba mmoja mwekundu wa madoa meupe, mwenye damu ya kizungu, na gunia la mbegu ya raigrasi lililokuwa limebaki stoo. Huyo mtamba alikuwa anaitwa Valarie. Usiulize ni Valarie gani. Winny, bibi yake, aliuliza, na hiyo ndiyo siku pekee Dishon hakueleza kitu.

Kwa hivyo akarudi Asembo na Valarie, ambaye alishuka kwa lori, akaangalia ziwa linang'aa na jua, akatoa ulimi nje kaa anauliza nani amewasha hii kitu. Njiani walikuwa wamesimama Nyamasaria kununua dawa ya kupe. Naswa, mama wa agroveti pale, alishika mbegu ya Dishon kwa kiganja, akaipuliza, akatingisha kichwa.

"Baba, hii ni ya baridi. Huku kwa ziwa itakupendeza miezi mbili tatu, halafu itakuaibisha. Chukua hii nyasi ya Boma Rhodes, inavumilia jua."

Dishon akamweleza. Alimweleza mpaka Naswa akahudumia wateja wengine akarudi akamkuta bado anaeleza.

Pahali alitaka kupanda ni kwa gunda. Gunda ni pale boma ya zamani ilikuwa, kabla babake ahamishe nyumba juu karibu na barabara. Nyumba zikaanguka, udongo ukabaki, umeshiba samadi na majivu ya miaka yote hiyo. Udongo mweusi, ukiangusha kijiko unaogopa itaota sufuria. Na kwa pembe moja ya gunda kuna mti wa siala. Chini ya huo mti ndipo nyumba ya kwanza ya Mama Ajwang ilisimama, ile aliingia akiwa bibi arusi. Mawe yake ya jiko bado yako hapo, yamezama nusu.

Sasa, kwa hiyo boma kulikuwa na mpango. Mvua ikija, hakuna mtu anaweka mbegu kwa udongo kabla ya Mama Ajwang. Yeye ndiye anaanza, hapo kwa siala, na mkono wake. Halafu inafuata nyumba ya Enos, kifungua mimba, halafu wale wengine, mpaka ifike kwa Dishon wa mwisho. Hakuna mtu alifundishwa. Unajua tu, kaa venye unajua hukai kwa kiti ya babako. Anayemtangulia mama yake kupanda ni yule ambaye mama yake ameshazikwa.

Na hakuwa anapanda mahindi ya paketi. Alikuwa anapanda nyamula, yale mahindi ya kitambo, ya manjano, magunzi mafupi kaa kidole gumba. Alikuja nayo kutoka kwao akiolewa. Majirani wote walishaiacha. Yeye alikuwa anachagua magunzi mazuri kila mavuno, anayaning'iniza kwa waya juu ya jiko, moshi iyapake mpaka funza isiyatamani. Ukiingia jikoni kwake ukiwa mrefu, yanakugonga kichwa.

Mwaka huo mvua ilikuja mapema. Goti la Mama lilikuwa limefura, akasema atashuka kwa gunda Jumamosi, Enos akirudi. Enos alikuwa anafanya biashara ya samaki Port Victoria, na Benta bibi yake ndiye alikuwa anakaa nyumbani kuangalia Mama.

Mvua ilipiga Jumanne, ikapiga Jumatano. Alhamisi asubuhi Dishon alisimama mlangoni anaangalia udongo wa gunda aliokuwa ameulima na kuupiga mpaka ukawa laini kaa unga. Alikuwa na wasiwasi wa mtu ameacha maziwa kwa moto.

"Leo ndiyo siku," akasema.

"Siku ya nini?" Winny akauliza, ingawa alijua.

"Mbegu ya nyasi ni ndogo kaa vumbi. Inataka udongo umelowa hivi hivi. Nikingoja Jumamosi, jua ikipiga kesho, imeisha hiyo."

"Baba Sheryl. Ngoja Mama."

"Mama anaanza na chakula ya watu. Hii ni chakula ya Valarie. Kwani Valarie ni wa ukoo gani?"

Winny hakucheka. "Ni mbegu, ama si mbegu?"

"Ni nyasi, Winny. Nyasi! Umewahi sikia mtu amepewa chira, ile laana ya kuvunja mila, juu ya nyasi?"

"Sijawahi sikia mtu amepanda."

Hapo ndipo ilikuwa kosa lenyewe, na ni Mjaluo tu aliyekaa Molo sana angeweza kulifanya. Wazee waliweka sheria ya mtama, ya mahindi, ya maharagwe. Nyasi hakuna mzee aliwahi kuifikiria, juu hakuna aliyewahi kuipanda. Dishon akaona hapo kuna mlango umeachwa wazi, akapitia.

Alipanda asubuhi hiyo. Alichanganya mbegu na mchanga, akatembea pole pole anarusha kushoto na kulia, venye walikuwa wanafanya Molo mashine ikiharibika. Alianzia kwa siala, juu hapo ndipo udongo ulikuwa mtamu zaidi. Na kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimejaa furaha, akampa Winny simu amrekodi. Kwa video anaonekana akitabasamu meno yote, anasema, "Wale wa kinyozi mko wapi? Kujeni muone!" Akaweka stetasi, akatuma na kwa grupu ya familia.

Watu wakaanza.

"Hiyo nyasi ni ya kulisha ama ya kuvuta, mkuu?"

"Valarie ameolewa vizuri kuliko sisi."

"Mwambie Valarie akimwaga chakula asiite waiter."

Dishon alikuwa anasoma anacheka peke yake jikoni. Halafu simu ikalia. Enos.

"Kaka! Umeona video?"

"Nimeona." Nyuma yake kulikuwa na kelele ya wamama wa samaki. "Kwani Mama alikufa lini?"

"Ati?"

"Nauliza Mama alikufa lini. Hamkuniambia. Ningekuja matanga."

Dishon akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Enos, acha mchezo bana. Hiyo ni nyasi. Si chakula ya mtu."

"Ilitoka kwa gunia?"

"Ndio."

"Ikaingia kwa udongo wa gunda?"

"Ndio, lakini sikiza, raigrasi ni tofauti na…"

"Na mkono ulikuwa wa nani, Dishon?"

Alikata. Dishon akafuta ile video, lakini kufuta video watu wameshaona ni kaa kuzima taa mwizi akiwa ameshatoka. Akaenda kwa gunda. Akainama, akajaribu kuokota mbegu moja, ikamshikilia kwa kidole na tope. Zilikuwa maelfu. Hata kuku zingeshindwa.

Jumamosi Enos hakuja. Mama Ajwang alishuka hivyo hivyo, na fimbo, leso kichwani, na agwata, kile kibuyu chake cha mbegu ya nyamula, imekumbatiwa kifuani. Hakuwa na simu ya video, na hakuna mtu alikuwa amemwambia. Kila mtu alimwachia mwingine. Benta alikuwa nyuma yake na jembe, uso umeinama.

"Mkulima wa Nyasi!" Mama akaita akiwa bado mbali. "Nasikia unalisha ng'ombe kwa sahani. Sisi tulikuzaa ukakula kwa jani ya ndizi!"

Alikuwa na furaha. Hilo ndilo Dishon hukumbuka zaidi, venye alikuwa na furaha, na goti lile.

Akafika kwa siala. Akaangalia chini. "Nani amepiga udongo hivi?"

"Ni mimi, Mama."

"Umepiga vizuri. Jembe itaingia." Akainama, akashika udongo kidogo, akausugua kwa vidole. Akasogeza karibu na macho. "Na hii? Ni maganda ya wimbi?"

"Ni mbegu, Mama. Ya nyasi."

"Aa. Ilimwagika."

Benta akainua kichwa haraka, akamwangalia Dishon. Macho yake yalikuwa yanaomba. Mtu yeyote mwingine hapo Asembo angesema ndio, ilimwagika, Mama, gunia lilipasuka. Na Mama angecheka, angetupa udongo chini, angepiga shimo la kwanza, na kila kitu ingekuwa imepangika. Alikuwa amemfungulia mlango mzima.

"Haikumwagika," Dishon akasema. "Nilipanda. Alhamisi."

"Ulipanda."

"Unajua Mama, hii mbegu ni ndogo sana, haiwezi ngoja…"

Na akaeleza. Jamani, mwanaume alieleza. Alieleza mizizi, alieleza umande, alieleza Molo na padoki na protini, alieleza lita ngapi Valarie atatoa akizaa na venye maziwa lala ya kwanza itakuwa ya Mama. Alieleza venye nyasi si chakula ya mtu kwa hivyo haihesabiki. Mama Ajwang alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa kando, kaa mtu anasikiliza mhubiri wa kanisa ingine. Hakumkatiza hata mara moja.

Alipomaliza, akauliza kitu moja tu. "Na hii pembe ya siala, ulifika?"

"Hapo ndipo nilianzia, Mama. Ndiyo iko na rutuba."

"Basi ni sawa." Akatingisha agwata, nyamula ikalia ndani. "Benta, turudi. Hii itaiva na maharagwe."

Dishon alidhani ni mzaha.

Mchana aliitwa kula, yeye na Winny na watoto wa Benta na jirani waliokuwa wanapita. Mama alikuwa amepika nyoyo, mahindi na maharagwe, sufuria kubwa ile ya matanga. Alipakua na mkono wake, akamwekea Dishon sahani iliyojaa kuliko zote.

"Kula, nyathina, mtoto wangu. Umefanya kazi."

Akala. Ilikuwa tamu, nyamula huwa na utamu yake, inakatika kwa meno halafu inakuwa kaa unga. Aliomba ya kuongeza. Benta alikuwa anakula machozi yanashuka, akasema ni moshi. Ni wakati Dishon aliinuka kurudisha sahani ndipo alishangaa mbona kichwa chake hakijagongwa na kitu. Akaangalia juu. Waya ilikuwa tupu. Hakukuwa na gunzi hata moja.

Akasimama hapo na sahani. Mama alikuwa anafagia maganda, anaimba pole pole wimbo wa kanisa, na hakugeuka.

Raigrasi iliota. Wueh, iliota! Kwa muda wa mvua yote gunda ilikuwa kijani ile ya Molo kabisa, mpaka watu walikuwa wanaegesha boda kando ya barabara wapige picha. Hata yule jamaa wa kinyozi alikuja, nywele sasa imekamilika, akashika nyasi akasema, "Mkulima, nimekubali." Valarie alikuwa ameshazaa, akaingizwa. Akainamisha kichwa: kraap, kraap, kraap. Maziwa yakaja kaa yametumwa.

Dishon akabeba maziwa lala ya kwanza kwa kibuyu safi, akampelekea Mama. Mama akapokea na mikono miwili, akapiga magoti kidogo venye mtu hupokea kitu kwa wakwe.

"Ero kamano, mgeni wetu," akashukuru. "Mungu akuongeze."

Mgeni. Alisema na tabasamu, bila sumu yoyote. Baadaye Dishon alipita nyuma ya nyumba akakuta watoto wa Benta ndio wanayanywa, na Mama amekaa kando anachambua omena. Kesho yake akaleta tena, na tena. Kila siku alishukuriwa vizuri sana.

Halafu mvua ikakatika. Jua ya ziwa si jua ya Molo. Hiyo ya Molo inakusalimia, hii inakudai. Majani yakaanza kushika kutu, vumbi ya rangi ya chungwa, mpaka Valarie akitoka malishoni pua iko kaa amepaka lipstiki. Dishon alibeba maji kutoka ziwani na punda. Alimwagia asubuhi, alimwagia jioni. Naswa alikuwa amesema miezi mbili tatu, na hakukosea sana. Kufika wakati wa kiangazi gunda ilikuwa mkeka wa kahawia unaovunjika ukikanyaga.

Alijitayarisha kwa kutaniwa. Alienda kwa kinyozi siku ya soko makusudi, aketi, wamalize naye. Alikuwa hata na majibu. Akaingia, watu wakanyamaza. Jamaa mmoja akamsalimia, "Habari ya nyumbani, Baba Sheryl?" Mwingine akamsogezea kiti. Kinyozi akamnyoa kimya kimya mpaka mwisho, mashine tu ndiyo inaongea. Kwa grupu pia hivyo hivyo. Aliweka picha ya gunda imekauka, akaandika "Mkulima wa Nyasi amepata," na hakuna hata mtu alituma kile kikatuni cha kucheka. Walikuwa wameshasikia habari ya ile nyoyo. Hapo ndipo Dishon alijua ukubwa wake. Ukiona Wajaluo wamekataa kukutania, jua ni mbaya.

Akaanza kutafuta nyamula. Alizunguka soko za Asembo, akaenda mpaka Kibuye kule Kisumu, akiuliza wamama wa nafaka. Walimwonyesha mahindi ya manjano ya kila aina, ya kuku, ya popkoni. Sio hiyo. Mwishowe akampigia Enos. Hawakuwa wameongea tangu ile siku.

"Kuna mama hapa anaitwa Nangila," Enos akasema baada ya kufikiria. "Walikuwa marafiki na Mama wakiuza samaki pamoja. Nakumbuka Mama alimpa mbegu, zamani. Kuja ujaribu."

Dishon akaenda Port Victoria. Nangila alikuwa mzee sasa, macho yameingia ukungu, lakini alipotajiwa Ajwang akacheka mpaka akakohoa. Alimjazia mkebe.

"Kwani yeye mwenyewe amekosa? Ajwang ninayemjua anaweza lala njaa mbegu iko juu ya kichwa. Ni panya?"

Dishon akafungua mdomo aeleze. Akaufunga.

"Ndio, Mama," akasema. "Ni panya."

Alirudi na ule mkebe ameukumbatia, venye Mama alikuwa amekumbatia agwata. Akamkuta jikoni, anachambua omena kwa ungo. Akauweka mbele yake. Mama akafungua kifuniko, akanusa, na uso wake ukafunguka kabisa, ule uso wa zamani.

"Hii ni ya Nangila! Huyo mama ni mzembe, ona, imechanganyika na nyeupe." Akacheka, akaokota punje nyeupe moja akairusha kwa kuku. "Alikuwa ananiambia mahindi ni mahindi."

Dishon alihisi kifua kimefunguka kwa mara ya kwanza tangu mvua ile. "Mvua iko karibu, Mama. Ikipiga tunashuka. Wewe mbele, sisi nyuma, kaa kawaida."

Mama akarudisha kifuniko pole pole.

"Dishon. Kwa gunda, nani alipanda mwisho?"

"Ni mimi."

"Sasa mimi nikipanda, napanda nyuma ya nani?"

Dishon akaangalia mkebe.

"Nikipanda nyuma yako nitakuwa mtoto wako," Mama akasema. "Na wewe huwezi nibeba mgongoni. Mimi ni mzito." Akacheka mwenyewe, akarudi kwa omena yake.

"Mama, nisamehe."

Maneno mawili. Hakuongeza la tatu. Mama alimwangalia kwa muda, kaa mtu amesikia kitu alikuwa ameacha kukingoja.

"Nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Ningekupikia kama sijakusamehe?"

"Basi shuka, Mama. Tafadhali."

"Roho haina shida na wewe. Ni mkono ndio umekataa, na siwezi kuulazimisha." Akasukuma mkebe kwake na upande wa kiganja, bila nguvu. "Ukitaka kuanza, anza. Mimi nitakuwa hapa naona."

Mvua ikapiga. Enos alikuwa ameongea na wazee wa kijiji, wakamruhusu aanzishe shamba lao lile la ng'ambo ya barabara, na Benta akapanda huko mahindi ya paketi. Kwa hivyo nyumba haikulala njaa. Lakini gunda ilibaki, na gunda ilikuwa ya Dishon kurekebisha.

Alishuka na jembe na mkebe. Winny alibaki juu, hakutaka kurekodi kitu. Dishon akasimama kwa siala, kando ya yale mawe ya jiko, akapiga shimo moja. Akatia punje tatu kwa kiganja. Kabla hajainama akaangalia juu. Mama alikuwa ametoa kiti cha plastiki, amekaa mlangoni kwake, leso mabegani, mikono imelala mapajani. Akamwona anamwangalia. Akainua mkono mmoja, akaupeperusha mbele, venye mtu wa barabara huambia gari: pita, pita tu.

Mikono yenyewe ilikuwa mizima. Ilikuwa imechambua omena asubuhi hiyo hiyo.

Dishon alikaa ameinama mpaka mgongo ukauma. Halafu akarudisha punje moja kwa mkebe, na ya pili, na ya tatu, akafunika shimo na mguu.

Mkebe umening'inia sasa jikoni kwa Winny, juu ya moshi. Mbegu nayo huzeeka, Dishon anajua hiyo kuliko wengi, lakini hajui afanye nini. Gunda haijawahi kupandwa tena. Ilikaa tupu kidogo, na kwa vile hakuna mtu wa kupalilia, nyasi ikaingia. Ile ya kawaida, ya hapa hapa, iliyoota yenyewe kaa venye watu wa kinyozi walisema. Imekuwa nene, ndefu, inastahimili jua, na hakuna malisho mazuri kuliko hayo Asembo yote. Watu wakipita wanasema, "Baba Sheryl, nyasi imeota." Anawaambia, "Ndio, imeota." Haelezi.

Kila mvua ikianza Mama huita kutoka mlangoni, na ile sauti yake ya kuku.

"Dishon! Bado hujapanda?"

"Bado, Mama. Nakungoja."

"Haya."

Na anarudi kwa ungo wake. Hapo chini Valarie ameinamisha kichwa karibu na mawe ya jiko, kraap, kraap, kraap, na Dishon hufunga waya, akaenda kusimama kule kando ya barabara, pahali hiyo sauti haifiki.